Wajukuu wa Kwenye Chupa

Huyu mtafiti hakujaliwa kutulia. Wenzake maabarani walimwita Kiherehere, na jina lilimkaa sawasawa: chai aliinywa amesimama, barua alizisoma akitembea, na kiti chake kilikuwa kipya kama siku kilipoletwa. Kwa miaka ishirini alichunguza msongo wa seli, yaani namna chembe hizi za mwili zinavyohangaika zikizidiwa na taka zao zenyewe, mpaka zinakufa na mwenye mwili anaugua. Msongo wake mwenyewe hakuwa na muda nao.

Ugonjwa alioufukuza ulikuwa nyumbani kwao. Mama yake alitetemeka mikono, na kila mwaka mtetemeko ulizidi. Miaka sita nyuma bibi huyo alitia sahihi fomu, akakatwa kipande cha ngozi kwenye mkono wa kulia, na seli zake zikaanza kukuzwa chupani. Tangu hapo binti yake huyu mtafiti akiingia jioni, hata shikamoo hajaimaliza, bibi anauliza, "Wajukuu wangu hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Wanakula, wanazaana."

Na kweli walizaana. Dawa aliyoijaribu Kiherehere ikawatuliza ajabu. Seli zilizotarajiwa kufa zikaishi. Jarida kubwa lilikubali kuchapisha habari hiyo kwa sharti moja tu, seli zipimwe ithibitike ni za nani.

Majibu yalipokuja, fundi wa maabara aliyaleta kwa mkono wake.

"Dokta, keti kwanza."

"We sema tu."

"Hizi seli ni za mwanamume."

Kiherehere alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, akayachukua majibu akayasoma mwenyewe. Alizijua ni zipi: zile seli sugu zinazouzwa kwa maabara, zilizotoka kwa mwanamume fulani, alizozikuza kwenye kabati lilelile. Fundi alikwisha kumwambia mpaka akachoka, chupa moja ikifunguliwa, nyingine isubiri. Yeye, ili awahi, alifungua zote mbili na kunyonya kwa mrija uleule. Seli sugu moja ikivuka inatosha, maana inazaana haraka mpaka seli za mwenye chupa zinaisha kabisa. Dawa yake haikumwokoa yeyote. Aliipa seli ambazo hata bila dawa zisingekufa.

"Kipo kichupa kimoja cha mwezi ule wa kwanza," fundi alisema kwa sauti ya chini, macho kwenye tangi la baridi kali. "Hicho ni cha bibi kweli. Tukipeleka hicho kikapimwe..."

Hakumalizia. Kiherehere alifunua tangi, mvuke ukampiga usoni, akauona mwandiko wake kwenye kichupa. Akafunika. Akazunguka meza, akafunua tena. Kipimo kingepita, jina lake lingevuma, mama angefurahi. Na wagonjwa wa watu wangemezeshwa matumaini ya bure. Akafunika tangi, akaliandikia jarida mistari mitatu ya kuiondoa makala, akaituma kabla hajaanza kujihurumia.

Kumwambia mama ndiko kulikomshinda. Alianza mara tatu, huku akienda mlangoni na kurudi dirishani, ndipo maneno yakatoka. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe miaka yote hii nasalimia wajukuu wa mtu mwingine!" Alicheka mpaka akapaliwa. Kisha kicheko kikamwisha. "Kwa hiyo dawa hakuna."

"Hakuna, mama. Ni haraka yangu hii. Nisamehe."

"Na wangu mimi wako wapi?"

"Kimebaki kichupa kimoja kwenye baridi. Wakiamka ni bahati. Wasipoamka ndiyo basi."

"Ukianza upya itachukua muda gani?"

"Miaka sita. Labda saba."

Wote wawili waliitazama ile mikono inayotetemeka mapajani. Miaka saba ilikuwa mingi mno kwa mikono ile, na hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Bibi aliinamia mkono wake wa kushoto, ule usio na kovu, akaanza kufungua kifungo cha mkono wa shati. Kikamponyoka. Akakitafuta, akakipata, kikamponyoka tena.

"Unafanya nini, mama?"

"Huku hamjakata."

Binti aliruka kumsaidia.

"Acha! Kaa chini. Nitakifungua mwenyewe."

Kiherehere alivuta kiti, akaketi, akasubiri.