Kibao cha Bi Tolliver

Bi Vernelle Tolliver alifundisha hesabu miaka kumi na tisa katika shule ya weusi pale Hadley, Georgia. Mwaka 1970, shule za weusi na za wazungu zilipounganishwa, ya kwao ikapigwa misumari milangoni, na walimu wenzake kumi na mmoja wakaambiwa hawahitajiki. Yeye alibakizwa. Alidhani ni kwa ajili ya shahada yake.

Kule kwa wazungu hakupewa darasa. Alipewa chumba nyuma ya jikoni na kibao cha mbao chenye mpini. Mwalimu mkuu, Bwana Hargett, alimweleza kwa upole kwamba walimu wake wanaogopa kuwagusa watoto weusi, wasije wakazozana na wazazi. Mtoto mweusi akikosea, ataletwa kwa Bi Tolliver, amchape kwa kibao hicho.

"Wewe ni mwenzao, Vernelle," alisema. Walimu wa kizungu aliwaita Bwana na Bibi.

Mumewe alikuwa kitandani kwa kiharusi, na shule zote za jirani zilikuwa zikipunguza walimu weusi. Akakaa.

Oktoba aliletewa Delphine, mwenye miaka kumi na miwili, binti wa Ozella Mayfield, mama aliyekuwa mwanafunzi wake zamani. Karatasi aliyopewa na mwalimu wake ilisema mtoto ana kiburi. Alipoulizwa, Delphine alisema alinyoosha mkono na kumwambia mwalimu kwamba jibu la ubaoni limekosewa. Bi Tolliver akamwambia aiandike hiyo hesabu. Akaikagua mara mbili. Mtoto alikuwa amesema kweli.

Siku hiyohiyo alimrudishia Hargett kibao, akasema hatachapa tena. Hargett hakukasirika. Kazi akampa kocha wa mpira.

Kocha alikuwa na mkono mzito. Haikupita wiki Delphine akarudi kwao akitembea kwa kuchechemea. Jumapili, ibada ilipokwisha, Ozella akamvuta Bi Tolliver pembeni.

"Mwalimu, kichukue tena kile kibao."

"Ozella, mimi sikusomea kupiga watoto."

"Najua. Lakini yule kocha anampiga kama anaua nyoka."

"Na kama mtoto hana kosa?"

"Hata juzi hakuwa na kosa, Mwalimu, na leo kiti hakikaliki."

Jumatatu Bi Tolliver akaenda kukiomba. Hargett alimkabidhi kama mtu aliyekuwa akimngoja.

Novemba Delphine akaletwa tena, kwa kosa lilelile la jibu sahihi. Hargett alikuwa ameamuru mlango uachwe wazi, vipigo visikike. Bi Tolliver akampiga mara tatu, kwa wepesi kadiri alivyoweza, na mtoto hakulia.

Baada ya hapo hakuletwa tena. Kabla ya Krismasi mwalimu wa hesabu alimsimamisha Bi Tolliver ukumbini akamshukuru: yule binti ametulia, darasani hatoi hata sauti.

Alimtafuta Delphine mlangoni pa basi, akamwambia aje kwake jioni, wafanye hesabu wawili tu, nyumbani, kama alivyofanya na mama yake.

"Asante, Bi Tolliver," mtoto alijibu, akitazama viatu vyake. "Hesabu nimeziacha."

Akapanda basi. Bi Tolliver akarudi chumbani, ambako kwenye benchi walikuwa wameketi watoto wawili, kila mmoja na karatasi yake mkononi.