Poni Mweusi Kwenye Mizani

Kila aliyemwona Dinah Routledge juu ya Damson, farasi wake mfupi wa aina ya poni, alikuwa na neno la kusema. Watembezi waliotoka mijini na mikoba yao mgongoni walimuuliza kama huyo poni ni wa binti yake. Madereva walipunguza mwendo, wakashusha kioo na kutaka kujua nani kambeba mwenzake. Hata padri, mtu mpole asiyependa kumuudhi mtu, alimwambia kwamba alimwona kwa mbali akadhani ni mtoto aliyekua haraka.

Dinah alikuwa amevuka hamsini. Alikuwa mpishi wa shule ya Harrowthwaite, mwenye mabega mapana na sauti iliyozoea kushindana na sufuria. Hakuwa na binti. Damson alikuwa wake mwenyewe, jike mweusi wa milima hiyohiyo ya kaskazini mwa Uingereza, mfupi, mnene wa mifupa, mwenye manyoya yaliyofunika kwato kama sketi. Babu za watu wa pale walipanda wanyama wa aina hiyo kwenda kutafuta kondoo, kwenda sokoni, kwenda kuoa. Lakini siku hizi poni alikuwa kitu cha watoto, na mtu mzima akimpanda alionekana kama mtu aliyekalia kiti cha darasa la kwanza.

Wageni aliwasamehe. Waliomchoma ni wale waliojua farasi, ambao walimuuliza kwa upole wa kumwonea huruma atanunua lini farasi wa kweli.

"Kwani huyu ni wa karatasi?" Dinah aliwajibu. Kisha aligeuza hatamu akaenda zake, na njiani akamkuna Damson shingoni, kana kwamba mnyama ndiye aliyetukanwa.

Mwaka ule maneno hayo yaligeuka kuwa kitu kingine. Kila Septemba, nyumba zenye haki ya kuchunga kondoo katika malisho ya pamoja hupanda farasi na kuzunguka mpaka wote wa mlima. Juu kabisa, kwenye jiwe liitwalo Kondoo wa Kijivu, majina ya nyumba huitwa, na kila nyumba lazima iwe na mtu wa kujibu. Anayejibu anatakiwa awe juu ya mnyama wake, kwa sababu watu wa kale walishuku kwamba aliyefika kwa miguu amepita njia ya mkato na hakuuona mpaka. Nyumba isiyojibiwa hutolewa kwenye mwito. Kuirudisha, lazima nyumba nyingine zote zikubali, na nyumba za Harrowthwaite hazijawahi kukubaliana zote hata juu ya rangi ya mlango wa ukumbi.

Kwa miaka mingi aliyejibu kwa niaba ya Routledge alikuwa Clem, kaka yake Dinah, akiwa juu ya farasi mrefu wa kahawia. Hakuna aliyewahi kumuuliza chochote. Majira ya kuchipua yalipofika, Clem alihamia Kanada kwa wajukuu zake, na farasi akauzwa. Wakabaki Dinah na Damson.

Mwenyekiti wa mzunguko huo alikuwa Gerald Mounsey, mwanamume mkubwa, mwekundu wa uso, aliyependa farasi warefu wembamba wenye damu ya mbio. Katika kikao cha Agosti alisimama akasema kwa sauti ya chini kwamba dunia imebadilika, watu wanatazama, na ni lazima wawaonee huruma wanyama. Kwa hiyo alipendekeza kanuni: mpandaji pamoja na tandiko lake asizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mnyama. Alisema hivyo akiangalia dari. Wengine wote walimwangalia Dinah.

Dinah alihisi masikio yakiwaka moto. Alijua kanuni ile imeshonwa kwa kipimo chake. Alijua pia kwamba ni kanuni nzuri, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Aliuliza kama itamhusu kila mtu. Mounsey alicheka kidogo, akasema bila shaka, bibie, kila mtu. Dinah akanyoosha mkono wa kwanza kuikubali.

Asubuhi ya mzunguko ilikuja na manyunyu. Watu walikusanyika katika uwanja wa soko la mifugo, ambako kuna mizani kubwa ya chuma ya kupimia ng'ombe. Aliyeisimamia alikuwa Wilf Teasdale, dalali wa mnada, ndiye pia mwita majina kule juu, mzee ambaye hata akiagiza chai husikika mtaa wa pili.

"Haya Dinah mwanangu," Wilf alisema, "leo siuzi, napima tu. Mlete mrembo."

Damson alipanda bamba la chuma kama anayeingia jikoni kwake. Alipimwa peke yake, kisha Dinah akapimwa akiwa amekumbatia tandiko la marehemu baba yake, la ngozi nene ya zamani, zito kama mtoto aliyelala. Wilf alipiga hesabu, akairudia, akakuna kichwa chini ya kofia. Walikuwa wamezidi. Si kwa kilo nyingi, lakini walikuwa wamezidi.

Mtu mmoja nyuma aliguna kicheko. Mounsey alisogea akamwekea Dinah mkono begani, akamwambia asijisikie vibaya. Watoto na poni zao huenda hadi darajani, wakanywa chokoleti ya moto, wakarudi. Angeweza kuwaongoza.

"Na jina la nyumba yangu?" Dinah aliuliza.

"Bibie, kanuni ni kanuni."

Dinah alimtazama Damson, aliyekuwa akitafuna kamba ya mtu mwingine. Alifikiria ukimya utakaofuata Wilf atakapotamka Routledge kule juu, ukimya wa kupita tu upepo, kisha jina linalofuata. Akaliweka tandiko la baba yake juu ya ukuta wa mawe, taratibu, akalifunika kwa koti lake zito la mvua. Akabaki na sweta.

"Nipime tena, Wilf."

"Utapanda bila tandiko? Mlima wote?"

"Nilijifunza hivyo kabla sijaota meno ya mbele. Nipime."

Wilf akampima tena. Safari hii sindano ilitulia pazuri, na mzee akatangaza kwa ile sauti yake ya mnada kwamba Routledge na Damson wamepita. Wachache walipiga makofi. Dinah alikanyaga ukingo wa ukuta, akaketi juu ya mgongo mpana uliolowa, akamwelekeza poni hadi kwenye lango la kutokea. Hapo akamsimamisha kiubavu, kichwa nguzo moja na mkia nguzo ya pili.

"Anayefuata," alisema.

Watu walitazamana. Mounsey, aliyekuwa ameshapanda farasi wake, alitabasamu kama mtu anayengoja mwisho wa mzaha. Akaeleza kwamba wenye farasi wakubwa hawana haja, inaonekana kwa macho. Na kweli, ndivyo wote walivyoamini. Watu wale wangeweza kukisia uzito wa kondoo kwa kumshika mgongoni, wakapata bila kukosea, lakini farasi walimpima kwa urefu. Aliyekuwa mrefu alikuwa na nguvu, basi.

"Ulisema kila mtu," Dinah alisema. "Mimi nilinyoosha mkono kwa sababu hiyo."

"Dinah, tunachelewa."

"Basi harakisha, Bwana Mounsey. Sisi hatutoki hapa."

Wilf alikohoa, akasema yeye mizani yake iko wazi na hajasikia nyundo ya kufunga mnada.

Farasi wa Mounsey aliliogopa bamba lile. Alirudi nyuma, akatoa macho, akapiga chuma kwa kwato hadi mbwa wote wa soko wakabweka. Alipokubali kusimama, ilionekana jinsi alivyokuwa mwembamba chini ya urefu wake. Kisha Mounsey akapanda mizani na tandiko lake. Wilf hakutangaza. Alimwita karibu, akamwonyesha namba kwa kidole. Ila uso wa Mounsey ukawaeleza wote. Akaweka tandiko chini, akavua buti, akavua koti. Bado alikuwa amezidi.

Alisimama na soksi zake juu ya lami yenye maji. Dinah aliona aibu kwa niaba yake, aibu ya kweli, maana alijua vizuri hali ya kutazamwa namna ile.

"Nadhani," Mounsey alisema, "kikao kiliharakisha. Tungeiahirisha hii kanuni hadi mwakani. Dinah naye arudishe tandiko lake. Tuondoke sote kwa amani."

Vichwa vilianza kukubali. Lilikuwa jambo rahisi, na tandiko lilikuwa pale ukutani, kavu chini ya koti. Damson alihamisha uzito mguu hadi mguu. Dinah akamsikia akipumua kati ya magoti yake.

"Hapana," alisema. "Nilipozidi mimi, hakuna hata mmoja aliyesema tuahirishe."

Akaelekeza kidole kwa farasi wa Mounsey.

"Mlisema ni kwa ajili ya wanyama. Mimi niliamini. Basi na huyu wako ni mnyama, na mgongo anao. Kama kanuni ilikuwa ya wanyama, ibaki. Kama ilikuwa ya kunitoa mimi, semeni hapa hapa, nisikie."

Manyunyu yaliendelea. Mwishowe seremala mmoja mnene alishuka, akasema yeye anapima, na kama amezidi atabadilishana farasi na mke wake. Akazidi, wakabadilishana, watu wakacheka, na foleni ikajipanga.

Mounsey hakuwa na wa kubadilishana naye. Alikuwa akivaa buti pole pole mlango wa gari ulipofungwa, na mke wake, Rosalind, akaja akikanyaga madimbwi. Alikuwa mwanamke mdogo aliyekuwa akiwafuata kila mwaka kwa gari, akiwagawia chai na keki ya tangawizi.

"Nitajibu mimi," alisema.

"Rosie, hujapanda tangu lini?"

"Tangu uliponiambia mtu mzima hapandi poni. Nikamuuza wangu." Alichukua hatamu mkononi mwa mumewe. "Nishike mguu, Gerald, nipande."

Akapanda, mizani ikamkubali, na Dinah akamwondoa Damson langoni.

Ulikuwa mzunguko mgumu. Bila tandiko, Dinah alihisi kila jiwe la mlima likipita mgongoni mwa poni hadi kwenye uti wake. Kwenye kinamasi alishika singa za shingo kwa mikono yote miwili. Rosalind alipanda karibu naye, ameinama mbele, akimnong'oneza farasi yule mwoga, na mara mbili aliomba Damson atangulie ili mrefu apate moyo wa kufuata.

Penye Kondoo wa Kijivu upepo ulikuwa mkali. Wilf aliita majina. Jina la Mounsey lilipotamkwa, sauti nyembamba ilijibu, nao upepo haukuimeza.

"Routledge."

"Yupo," Dinah alisema, kwa ile sauti ya kushinda sufuria, na kondoo waliokuwa bondeni wakainua vichwa.

Wakati wa kushuka, mtembezi mmoja mwenye mkoba alisimama kando ya njia kuwapisha. Alimtazama Damson kwa furaha, akauliza kama poni huyo mzuri ni wa mtoto wake.

"Ni wangu," Dinah alisema. Rosalind, juu ya farasi mrefu, akaongeza kwamba na yeye anatafuta wa kununua.

Uwanjani Mounsey alikuwa akingoja kwa miguu, tandiko la baba yake Dinah mikononi, limepanguswa. Alimwinulia. Dinah alimshukuru, akamwomba amwekee kwenye gari la Wilf, na akaelekea nyumbani bila tandiko, katikati ya barabara, magari yakimfuata nyuma polepole.