Kitufe cha Stanka

Stanka alijifungia bafuni, akafungua bomba, akabonyeza kitufe cha dharura kwenye simu. Nje ya mlango, mdogo wake Zdravka alisubiri ishara iingie kwenye kompyuta yake. Haikuingia. Hatimaye Stanka alitoka, kiduara bado kinazunguka kwenye kioo cha simu kilichopasuka.

"Angekuwa Velko kweli," alisema, "saa hizi ungekuwa unanizika."

Simu hiyo alipewa na mahakama pamoja na amri ya kumzuia mumewe, Velko, kumkaribia. Ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote. Programu ya kuita polisi ilitengenezwa na kampuni ya hapo mjini Plovdiv alikofanya kazi Zdravka.

Chanzo cha kuchelewa Zdravka alikijua. Kila ilipofunguliwa, programu ilipanga upya siri zake ndani ya kumbukumbu ya simu, ili anayepeleleza asijue anwani ya mwenye simu imefichwa wapi. Upangaji huo ndio uliokula muda. Kuweka tayari nakala nyingi za programu zilizokwisha kupangwa kungeijaza simu mpaka ijizime. Njia ilikuwapo: kuandaa nakala moja tu wakati simu imetulia, iliyopangwa upya, itumike mara moja kisha itupwe. Zdravka aliomba wiki mbili za majaribio.

Bosi wake, Krastyo, alikataa. Waziri angeizindua programu Alhamisi kwenye televisheni. Krastyo aliamuru nakala moja ya kudumu, yenye mpangilio uleule kwenye kila simu.

"Ni kama maghorofa ya mtaa wa Trakia, yote ramani moja," Zdravka alimwambia. "Ukishaingia nyumba moja, unajua jiko la kila mtu liko wapi, hata gizani."

"Usitutishe, mama. Waziri atabonyeza mbele ya kamera. Unataka asimame pale kama anasubiri basi?"

"Programu za kupeleleza wake zinauzwa mtandaoni. Velko anayo tayari."

"Shemeji yako yule mlevi? Si hata redio inamshinda!"

Wenzake ofisini wakacheka. Ilikuwa siku ya jina la Krastyo, sikukuu ya kanisa ya wenye jina hilo. Alikuwa ameleta banitsa ya moto, pai ya jibini, na ofisini kwao mwenye siku ya jina hakataliwi kitu. Mabadiliko yalihitaji idhini ya watu wawili. Wawili wakaidhinisha, vidole vinang'aa mafuta, bila kufungua kilichoandikwa.

"Hamjasoma!"

"Tumekula, Zdravka," mmoja alijibu. "Na kusoma tena?"

Jioni alimwambia dada yake aifute programu.

"Siwezi. Nikiifuta, ulinzi umekwisha. Nilitia sahihi."

"Basi iache nyumbani ukitoka."

"Inatoa taarifa kwamba nimeiacha. Hao wenzako wamefikiria kila kitu."

Alhamisi ofisi nzima ilisimama mbele ya televisheni. Waziri alibonyeza, na programu ikafunguka kabla hajainua kidole. Krastyo alifuta machozi. Simu ya Zdravka ikaita.

"Yupo chini," Stanka alinong'ona. "Nimehama jana tu. Hata wewe sijakwambia ni wapi; anwani nimeiandika kwenye programu tu."

"Bonyeza!"

"Nimebonyeza. Imefunguka hapohapo."

"Inasema nini?"

"Ombi limepokelewa."

"Halafu?"

"Basi. Ombi limepokelewa."

Makofi yalizidi. Krastyo alimshika Zdravka bega akimvuta kwenye picha. "Njoo mbele, mama, usijifiche! Kazi ni yako hii!"

Simuni, kwa mbali, Velko alikuwa akimwomba jirani kwa upole amfungulie lango. Jirani alimwita mwanangu, akamwambia asukume kwa nguvu, huwa linakwama.