Mke wa Fundi wa Pampu

Mke wa fundi wa pampu alikuwa na ungo mapajani, anachambua maharage, lori lilipoanza kupanda mlima. Hakuliona. Nyumba yao ilikuwa bondeni nyuma ya gereji, na barabara ya mlimani huzungukia upande wa pili. Aliweka ungo chini, akashika ukingo wa kiti, akaanza kuvuta pumzi kama mtu aliyetwishwa gunia.

"Ameingia kona ya kwanza," alimwambia jirani yake.

Jirani aliuchukua ule ungo akaendelea kuchambua yeye, maana alijua kuanzia hapo hadi kileleni mwenzake hana mikono.

"Leo kapakia nini, dada?"

"Saruji. Saruji inabana hapa juu. Mbao hubana huku chini ya mbavu."

Lori lilipofika kileleni alikohoa, akatema weusi kwenye kitambaa, akamshukuru Mungu, akaomba ungo wake.

Jambo hili lilianza siku injini ya lori ilipotoka kufanyiwa ovahoo, kufumuliwa yote na kuundwa upya. Mke wa fundi alikuwa amepeleka chakula cha mchana gereji akamkuta mumewe analowa jasho, injini haitaki kuwaka. Yeye ni mtu wa kuombea kila kitu, kuanzia sufuria mpya hadi kuku anayeatamia. Basi aliinama kwenye bomba la kuingizia hewa, akaweka mdomo karibu kwa sababu ya kelele za gereji, akaliombea lori. Alipofika kwenye amina, injini ikaivuta ile amina pamoja na pumzi yake, ikawaka. Wote walifurahi. Tangu siku hiyo yeye na lori walikuwa na kifua kimoja. Madereva wakalipa lori jina la Mke Mwenza, naye hakununa, kwa sababu lilikuwa jina la haki.

Alikwenda hospitali mara moja. Daktari alimwekea kipimo mgongoni, akamwambia avute pumzi, akasikiliza sana.

"Silinda ya tatu inachelewa," alisema. "Mwambie mumeo aangalie nozeli." Kisha akamwita mgonjwa mwingine.

Dawa fundi aliijua. Pampu ikipimwa vizuri, kila silinda ikapata tone lake kwa wakati wake, dizeli yote huungua ikaisha, na kinachotoka kwenye ekzosi ni joto tu linalotetema. Lakini ukiifungua skrubu ya pampu ili mafuta yazidi hewa, injini hupata nguvu ya kupandisha mzigo uliopita kiasi, na yale yasiyoungua hutoka meusi. "Chakula kimezidi meno," ndivyo fundi alivyozoea kusema.

Kwa hiyo siku moja alisafisha nozeli, akarudisha taimingi mahali pake, akaifunga skrubu ilivyotakiwa. Wiki ile mkewe aliongezeka mashavu. Aliimba kwenye sala hadi watu wakageuka kumtazama. Tangi la mafuta likawa linachelewa kwisha. Ila lori, likiwa na mzigo ule ule wa kupita kiasi, lilikwama kona ya pili, na magari yakapanga foleni nyuma yake yakipiga honi.

Tajiri mwenye lori alikuja gereji mwenyewe.

"Fundi wangu, lori limekuwa bibi harusi. Linapanda kwa kunyata."

"Limepunguza kula, tajiri. Na halitoi moshi kabisa."

"Mafuta ananunua nani?"

"Mwenye mzigo."

"Na mimi nalipwa kwa kitu gani?"

"Kwa tani."

"Sasa unamwonea nani huruma?"

"Mke wangu, tajiri. Ukilifungua hili, unamfunga yule."

"Najua, nimesikia. Shemeji anaendeleaje?" Tajiri alisikitika kweli, hata akavua miwani. "Mpe pole sana. Mpe maziwa, maziwa husafisha kifua. Halafu fungua pampu."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Fundi alikataa, na tajiri hakugombana naye. Alilipeleka lori kwa fundi mwingine, mmoja anayeitwa Fungua Yote, ambaye hakujua kazi nyingine zaidi ya jina lake. Fungua Yote akaizungusha skrubu mpaka ikagoma. Siku ile mke wa fundi alianguka akianika nguo, na shuka nyeupe zilizokuwa mbele ya uso wake zikawa nyeusi kwenye kamba.

Walijaribu kumpeleka kwa dada yake fundi, mbali na mlima. Kifua kilikwenda naye. Tena kule kilimbana bila yeye kujua lori limefika kona gani, na hilo lilimtesa zaidi.

Ndipo fundi alipovua kofia akaenda kwa tajiri.

"Nitafungua," alisema. "Ila nifungue mimi."

Akarudishiwa lori. Aliifungua skrubu kwa mkono wake, kidogo kidogo, sikio moja kwenye injini, na mkewe amekaa kwenye tairi kuukuu karibu yake. Akaishia pale ambapo lori linapanda na mke hafi.

"Bora nusu shari," alisema.

"Amina," alisema mkewe, alipopata pumzi ya kusemea.

Siku yake njema ilikuwa moja kwa mwaka: siku ya ukaguzi. Mkaguzi alikuwa akiweka leso nyeupe kwenye ekzosi na kuagiza injini ikanyagwe, na leso ikichafuka lori halipewi stika. Kwa hiyo kila mwaka fundi aliifunga skrubu alfajiri, lori likaenda ukaguzi tupu na safi, naye akaifungua tena jioni. Katikati ya hapo mkewe alikuwa mzima. Hakufua wala hakusonga ugali. Alivaa viatu akapanda mlima kumwona mama yake, anayeishi kileleni kando ya barabara na hawezi kushuka kwa sababu ya magoti. Mama alimtolea kiti mlangoni mapema.

"Umependeza, mwanangu."

"Leo wamenifungia skrubu, mama."

Wakazungumza hadi jua linainama, mambo ya mwaka mzima, mengine wakayarudia kwa utamu tu.

Mwaka huu alisafisha viatu siku moja kabla, akafunga sabuni na sukari za mama kwenye kitambaa. Asubuhi mumewe alitangulia gereji na bisibisi yake ndogo. Akamkuta dereva ameshawasha. Lori lilikuwa na saruji hadi juu, na kwenye kioo kulikuwa na stika mpya.

"Tajiri aliifuata jana ofisini kwa mkaguzi," alisema dereva. "Siku hizi lori halitakiwi. Anatakiwa tajiri tu."

"Na leso?"

"Leso nyeupe pee, fundi. Haijaona moshi mwaka huu."

"Zima kidogo. Nifunge hata kwa leo."

"Na mlima nao utaufunga? Nikikwama na mzigo huu nitarudi kinyumenyume hadi kitandani kwenu. Msalimie shemeji."

Kwenye geti la gereji Fungua Yote alikuwa amekaa juu ya boksi lake la spana, kama kila siku, anasubiri. Fundi alimtazama. Akatia bisibisi mfukoni, akasimama nyuma ya lori kulitoa, maana uwanja ule ni mwembamba.

"Njoo, njoo. Kata kushoto. Haya, nyoosha."

Mkewe alikuwa ameshavuka bonde, amefika pale barabara inapoanza kuinuka, kifua kilipomfunga. Aliketi kwenye jiwe la kando ya njia, akaweka kifurushi miguuni. Lori lilipompita dereva alipiga honi kumsalimu, naye akainua mkono. Akaanza kuomba, lakini alikuwa na pumzi ya neno moja moja tu. Kwa mazoea aliliombea lori lifike salama.

Kule juu mama yake alikuwa ameshatoa kiti. Alisikia injini inakuja kwa taabu kutoka kona ya mwisho, akaijua.

"Mwanangu huyo," alisema.

Alisimama kwa kujishika mlango, akapunga kitambaa hadi lori lilipopita. Alingoja moshi upungue, akakifuta kiti, akakirudisha ndani.