Barua Namba Nne

Moyo wa Bibi Sabuni ulikuwa unadunda kama mashine ya kufulia iliyojazwa mablanketi. Katibu wa kikundi alikuwa amemaliza kusoma barua namba nne kwa sauti, na barua hiyo ilikuwa yake.

Hakuna aliyejua. Miaka ishirini na moja nyuma, yeye na wenzake watano, wote wafua mashuka wa hospitali, walianzisha kikundi cha kusomesha mabinti wa watu. Mwezi wa pili tu nusura watoane macho, kila mmoja akimpigania mpwa wake. Bibi Sabuni ndiye aliyekata shauri: barua zipigwe chapa, zipewe namba, majina yafungwe kwenye bahasha, na hapiti mtu mpaka mikono yote iwe juu. Mkono mmoja ukibaki chini, basi. Kwa mtindo huo wamesomesha kumi na wanane. Mmoja wao sasa ni daktari ghorofa ya pili, na makoti yake wanayafua wao, kwa majivuno yasiyo na kiasi.

Mwaka huu nafasi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilishapata mtu, binti wa miaka kumi na minne. Iliyobaki ndiyo hii, na chumba cha pasi kilikuwa kimechangamka kweli. Mwandishi wa barua namba nne alisema aliacha shule darasa la sita ili alee wadogo zake, kwamba husoma karatasi za chupa za dawa mpaka anazikariri, na kwamba anataka kukaa kwenye dawati kabla macho hayajamwishia nguvu.

Wanachama sasa walikuwa kumi na wawili. Mikono ikapanda, kumi na mmoja kwa mpigo. Wa kumi na mbili ulikuwa mapajani mwa Bibi Sabuni, umelowa jasho.

Mama Pasi, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumeza neno, akamgeukia na kumuuliza ana roho ya namna gani. Bibi Sabuni akajitetea kwamba huyo anaonekana ni mtu mzima, kichwa kimeshakuwa kizito, shule itamshinda na watu watamcheka. Wakamjia juu wote. Kanuni hazijataja umri popote, wakamkumbusha, na kanuni ni zake mwenyewe.

"Dada, nisikilize," Mama Pasi akasema. "Mtu aliyeandika hivi amengoja maisha yake yote. Wewe ni nani umwambie angoje tena?"

Maneno yalimwingia. Aibu alikuwa nayo, ila furaha iliizidi aibu, ikampanda kutoka miguuni mpaka akabana kicheko. Wanawake hawa, wanaomjua hadi anavyokoroma, walikuwa wanampigania bila kujua wanampigania nani. Akanyoosha mkono. Aliunyoosha mpaka bega likauma.

Katibu akachana bahasha. Akasoma jina kimoyomoyo, akalirudia, akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya shuka. Wenzake wakamkazania alitaje. Yeye akamgeukia Bibi Sabuni.

"Mama," akasema, "madaftari uletewe ya mistari au ya miraba?"

Chumba kizima kikageuka. Mama Pasi akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Ya miraba," Bibi Sabuni akajibu. "Nataka kuanza na hesabu."