Skwizi Ambayo Hakuna Aliyeiagiza

Asubuhi ya mechi, kocha Ubukata alimwita Tokiwa nyuma ya basi la timu, akavuta sigara nusu.

"Nimeongea na ofisi ya wafanyakazi," akasema mwishowe. "Jina lako lipo."

"Sawa."

"Sawa nini? Hujauliza lipo wapi."

"Kwenye orodha ya wanaopanda."

Kupanda, kwenye timu za viwanda kule Japani, si kupanda cheo, jamani! Ni kuondolewa uwanjani. Msimu ukiisha mtu wa ofisi anakugusa bega, unarudisha jezi, kesho yake uko kiwandani tangu asubuhi hadi jioni kama wale ambao hawajawahi kushika gongo la besiboli maishani. Tokiwa alikuwa na miaka thelathini na tatu. Miaka kumi na moja alikuwa akikagua beringi asubuhi, mchana mazoezini.

"Wanasema mapigo yako machache," kocha akaendelea. "Nikawaambia huyu mimi namtumia kwa banti tu, atapiga saa ngapi? Wakacheka. Sasa sikiliza. Leo nafasi ikija nakupa ishara ya kupiga. Nipatie pigo moja safi, nikaliweke juu ya meza yao. Unabaki mwaka mmoja zaidi. Umenielewa?"

"Ndiyo, kocha."

Alitakiwa afurahi. Akaitafuta furaha kama mtu anayetafuta funguo kwenye koti, mfuko huu hamna, ule hamna. Akapanda basi akala tonge lake la wali.

Banti ni hivi. Mpira unakuja kasi, wewe huzungushi gongo. Unalilaza mbele ya kifua, unaacha mpira uliguse na kufia karibu na miguu yako. Wanaukimbilia, wanakutoa kabla hujafika kituo cha kwanza, na Wajapani hawasemi umetolewa, wanasema umekufa. Ila mwenzako aliyekuwa kituoni kashasogea mbele. Umekuwa kafara. Na kubwa kuliko zote ni skwizi: mwenzako yuko kituo cha tatu, anachomoka kuelekea nyumbani, kituo cha mwisho ambako akifika ni pointi, mpira ukiwa bado hewani, na wewe lazima uuguse hata ukija kwenye meno. Ukiukosa, mmekwisha. Tokiwa hakuwahi kuukosa. Ncha za vidole vyake viwili zilikuwa na ganzi tangu miaka minne iliyopita, na alishaacha kuwaambia madaktari.

Na kafara haihesabiwi! Kwenye daftari la mechi ni kama hukupiga wala hukukosa.

Raundi ya tisa, ya mwisho, wapinzani wameshamaliza zamu yao ya kupiga, tatu kwa tatu. Kifo kimoja. Nagumo, kijana wa miaka ishirini na mbili mwenye miguu kama ya sungura, yuko kituo cha tatu. Anayefuata kupiga ni Tokiwa. Ilikuwa Julai, jua linachoma, tarumbeta za wafanyakazi jukwaani zinalia, kila mtu anajipepea.

"Sogeeni!" wakapiga kelele benchi la wapinzani. "Huyo ni mzee banti! Hata kwake akifungua mlango anabanti!"

Wakasogea kweli. Mlinzi wa kituo cha tatu alikaribia mpaka Tokiwa akaliona jino lake la fedha.

Akamtazama kocha. Kocha akagusa kiwiko, kofia, kiwiko, kifua. Kifua. Piga.

Mpira ukaja. Tokiwa akazungusha gongo kwa nguvu zote, mpira ukaligusa kwa pembeni ukaruka nje ya mstari, mpaka kwenye uzio.



"Anapiga huyu!" akaguta mlinzi wa tatu, akarudi nyuma haraka. Wenzake wote wakarudi.

Kocha akagusa tena kiwiko, kofia, kiwiko, kifua. Tokiwa akaona vizuri kabisa. Piga. Kule kituo cha tatu Nagumo naye aliona, akatulia, hakuwa na haraka.

Mrushaji akainua mguu. Na hapo, we acha! Mikono ya Tokiwa ikashuka yenyewe. Yeye hakuituma. Gongo likalala mbele ya kifua, mpira ukaligusa, tok, ukabingirika kando ya mstari wa tatu ukalala kwenye majani kama paka.

"Mama yangu!" Nagumo akaropoka, akachomoka.

Mlinzi wa tatu alikuwa mbali. Alipoufikia mpira Nagumo alishateleza nyumbani kwa tumbo. Akaurusha kituo cha kwanza. Tokiwa akafa kwa nusu hatua.

Nne kwa tatu. Mechi imekwisha!

Timu ikajipanga mbele ya benchi kumpokea, mikono juu, kama wanavyompokea kila aliyekuwa kafara, ila safari hii wengine walikuwa wanalia. Tokiwa akapita akigonga viganja. Vilikuwa kama vya watu walio nyuma ya kioo.

"Kaka Tokiwa, wewe ni shetani!" Nagumo alimkumbatia, mavumbi hadi kwenye nyusi. "Unawadanganya unapiga, wanarudi nyuma, halafu hivyo! Ungeniambia basi! Moyo ulisimama!"

"Pole."

"Pole nini? Tumeshinda!"

Nyuma ya basi, kocha Ubukata alikuwa na sigara ambayo hajaiwasha.

"Niligusa nini?" akauliza.

"Kifua."

"Uliona?"

"Niliona."

Kocha akaitazama mikono ya Tokiwa kana kwamba itajitetea.

"Ile haikuwa skwizi mbaya," akasema. "Nimefundisha miaka ishirini na sita, sijaona mpira umelala vile. Lakini Tokiwa, kuna kitu kinaniuma. Mpira ulipolala, wewe ulisimama ukautazama. Ungekimbia palepale ungefika mzima. Ungefika mzima lile ni pigo! Ningelipeleka ofisini."

Tokiwa akafikiri. Ni kweli alisimama. Aliangalia kama umelala vizuri, kama Nagumo anatoka, ndipo akakumbuka kwamba na yeye ana miguu.

"Nilisahau kukimbia," akasema. "Nimezoea nikishaugusa nimekufa."

Tarumbeta zilikuwa zinalia bado upande wa pili. Kocha akainua mkono ampige begani, kama unavyompongeza mtu yeyote, halafu akakumbuka bega kwao lina maana gani. Mkono ukabaki hewani.

Tokiwa akauona. Akasogea hatua moja, akaliingiza bega chini ya mkono ule.

"Gusa tu, kocha. Bora wewe kuliko wao."