Mwenye Kiwanda Akafungua Mdomo

"Mwenye kiwanda akashuka ngazi, akawatazama wale wanawake walioketi sakafuni, akafungua mdomo."

Hapo ndipo kitabu kilipokatika. Shangazi aligeuza ukurasa, akakuta hewa. Akarudi nyuma, akalamba kidole na kuusugua, labda kurasa mbili zimeshikana. Sisi wengine, tuliokuwa tumekaa juu ya marobota ya karatasi na vikombe vya chai mikononi, tulimtumbulia macho kana kwamba ndiye aliyeyameza maneno.

Kiwanda chetu kilitengeneza trei za mayai. Trei hutokana na karatasi kuukuu, na karatasi kuukuu zililetwa na malori kutoka kokote zilikokosa kazi: ofisi zilizohama, shule zilizofungwa, na mwaka ule maktaba nzima ambayo jengo lake lilikuwa limeuzwa. Jalada gumu na gundi vikiingia kwenye mashine ya kurojesha karatasi, mashine huziba. Kwa hiyo kila kitabu kilipita kwanza kwa Mama Pacha, mwenye kisu, aliyekata jalada la mbele na la nyuma pamoja na kurasa zozote zilizong'ang'ania gundi, kisha akakitupa upande wetu sisi wachambuzi. Majalada yalikwenda tanurini. Vitabu vilitufikia havina kichwa wala miguu, na mpaka leo kuna ninavyovipenda ambavyo sijui vinaitwaje wala nani kaviandika.

Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, ndiye aliyenilea, na ndiye aliyeniingiza kazini pale. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kifua kibovu. Ni yeye aliyeanzisha mtindo wa kuficha kitabu chini ya aproni na kutusomea saa ya chai. Majina ya watu wa nchi za mbali yalimshinda ulimi, akayabadilisha bila kumwomba mtu ruhusa. Mchimba makaa wa milimani akawa Shemeji. Yule bibi aliyegoma kuuziwa maji ya mto wa kwao wenyewe akawa Mama Mkwe, kwa ukali wake. Tulicheka mpaka chai ikatupalia.

Lakini taratibu kuna jambo lilituingia. Watu wale walivaa makoti ya manyoya, wakasali kwa lugha za ajabu, wakazika wafu wao kwa namna tusizozijua, na bado msimamizi wao alikuwa ni huyu huyu Chapuchapu wetu, wa kupiga makofi nyuma ya migongo ya watu. Mimi nilidhani kuonewa kwetu ni mkosi wa mtaa wetu. Kumbe ni dunia nzima. Sijui kama kujua hivyo kulinifariji au kulinimaliza.

Kitabu kile kilikuwa cha wafua nguo wa nchi ya theluji. Mvuke uliwababua, pasi ziliwaunguza vidole, na milango ilifungwa ili joto lisitoke. Siku moja, bila kelele, waliketi sakafuni wakakunja mikono.

Kwetu sisi shida ilikuwa madirisha. Yalipigiliwa misumari kwa sababu upepo ulirusha karatasi zilizokwisha kuchambuliwa. Vumbi la vitabu si kama la barabarani. Ni laini kama unga, likiingia halitoki. Shangazi alikohoa mpaka akashika meza. Daktari wa zahanati alimshauri atafute kazi penye hewa, naye akamjibu kwamba akiiona atamwita waende wote. Tulimwomba Chapuchapu atufungulie madirisha mawili tu. Akasema tuchague, hewa au kazi.

Basi kitabu kilipokatika tulimvamia Mama Pacha. Alishika kichwa. Alisema pengine alizikata kurasa za mwisho pamoja na jalada, alikuwa na haraka, hakutazama. Tulipekua rundo la majalada lote, nami nikaenda hadi mdomoni mwa tanuri nikarudi na masizi usoni, mikono mitupu.

"Haidhuru," Shangazi akasema. "Walishinda."

"Umejuaje?" Mama Pacha akamuuliza.

"Wewe nawe. Nani atajisumbua kuandika kitabu kizima juu ya watu walioshindwa?"

Ilikuwa hoja nzito, au tuliitaka iwe nzito. Wiki ile ile, baada ya chai, tuliketi sakafuni.

Nakumbuka ukimya mashine ilipozimwa. Chapuchapu alipiga makofi mpaka akachoka. Mama Pacha alilaza kisu chake sakafuni, mbali na mkono, mtu asije akasema tulitishia. Shangazi alikaa katikati yetu, mgongo wima, akizuia kikohozi kama mtu anayezuia kicheko msibani. Tulikaa siku ile, na siku ya pili tukakaa tena. Ndipo mlango wa ofisi ya juu ulipofunguliwa, na mwenye kiwanda akashuka ngazi.

Shangazi alinibana mkono hadi kucha zikanizama.

"Unaona?" akaninong'oneza. "Kama kilivyosema."

Yule bwana alifika chini, akatutazama, akafungua mdomo. Akapiga chafya. Akatoa leso, akajifuta vumbi, akapita kati yetu kwenda kwenye gari lake.

Asubuhi yake tulikuta wanawake wengine kwenye meza zetu. Mlinzi wa getini, ambaye jana yake alikuwa akituita dada zake, alitusihi tuondoke tusimharibie kazi.

Shangazi hakuumaliza mwaka. Alilala chumbani kwetu, dirisha wazi mchana kutwa, hewa tele na haina pa kuingia. Hakumtaja Chapuchapu hata mara moja. Alimtaja yule bwana wa nchi ya theluji, na kila siku alimtia maneno mapya mdomoni. Leo aliwaambia wainuke wazungumze. Kesho aliwaomba radhi, kwa kuwa mama yake mwenyewe alikuwa mfua nguo. Nilikubali kila alichosema. Karibu na mwisho, sauti imebaki kidogo, aliniuliza mimi naonaje.

"Walishinda, shangazi."

"Si nilisema," akajibu, akafumba macho.

Miaka mingi baadaye, nikimtafutia binti yangu kitabu cha hesabu kwenye kibanda cha vitabu vya mitumba, nilifungua kimoja chenye jalada la bluu lisiloniambia kitu. Katikati nikamkuta mwanamke anapuliza kidole alichokiunguza kwa pasi. Nilimjua. Nikapekua kuelekea mwisho. Mwenye kiwanda akashuka ngazi. Akawatazama. Akafungua mdomo. Niligeuza ukurasa, na safari hii ukurasa ulikuwepo.

Alimwambia mlinzi afunge mlango, joto linatoka. Hayo ndiyo maneno yake yote. Katika kurasa chache zilizobaki wanaletwa wafuaji wengine, na wale wa kwanza wanatawanyika kwenye theluji, kila mmoja njia yake, hakuna anayeaga.

Muuzaji aliniuliza kama nakichukua au nasoma bure. Nilikifunga, nikatazama jalada. Palikuwa na jina la mwandishi, refu, lisilotamkika, ambalo shangazi angelibadilisha papo hapo.

Alijisumbua. Kitabu kizima.